Mfuko mmoja, viti viwili: Je, ni haki wachezaji wa karata wenye mtaji mmoja kuketi meza moja?

Watu wawili wanachanga fedha na kukubaliana kugawana faida na hasara. Kisha wanaketi kwenye meza moja ya karata pamoja na watu wengine ambao hawajui lolote kuhusu makubaliano hayo. Hakuna aliyeficha karata kwenye mkono wa shati wala aliyeziwekea alama. Je, kuna mtu wamemkosea?

Wachezaji wa poka wamebishana kuhusu swali hili kwa miaka mingi. Lakini linamhusu pia msikilizaji wa Kirushya, Rulenge au Nyakahura ambaye hajawahi kuiona meza ya poka, kwa sababu ujanja huohuo hutumika stendi za mabasi kwenye mchezo wa pata potea, na unaweza kutumika mnadani pale mazao na mifugo vinapouzwa.

Makala haya yanaeleza jinsi ujanja huo unavyofanya kazi, wakati gani kuchangia mtaji si kosa, na wakati gani kunageuka kuwa wizi. Hatumshawishi mtu kucheza kamari. Uislamu unaikataza, makanisa mengi yanaipinga, na familia nyingi zimeumia kwa sababu yake. Lakini kinga ya kwanza dhidi ya udanganyifu ni kujua unavyofanyika.

Poka huchezwaje?

Poka huchezwa kwa karata 52. Katika aina inayojulikana zaidi duniani, iitwayo Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili ambazo huziona peke yake. Baadaye karata tano huwekwa wazi katikati ya meza: kwanza tatu, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Mchezaji hutafuta mkono bora wa karata tano kati ya zile saba anazoweza kuzitumia.

Kabla ya karata za katikati kufunuliwa, na kila zinapofunuliwa, wachezaji huweka dau. Anayefikiwa na zamu anaweza kulipa sawa na mwenzake, kupandisha dau, au kujitoa. Akijitoa, fedha alizokwisha kuweka zinabaki mezani. Wengine wote wakijitoa, anayebaki huchukua kila kitu, hata kama karata zake ni mbovu.

Jambo la kukumbuka ni kwamba wachezaji wa poka hawashindani na kasino. Wanashindana wao kwa wao, na kasino huchukua kamisheni tu. Kila shilingi unayoshinda imetoka kwenye mfuko wa mtu aliyeketi nanyi mezani.

Hapo ndipo poka inapotofautiana na mkeka wa mpira. Marafiki wawili wakichanga 2,000 kila mmoja na kuweka mkeka mmoja, hawajamdanganya mtu. Wanashindana na kampuni, na kampuni haijali fedha hizo zimetoka mifuko mingapi. Kwenye meza ya poka, idadi ya mifuko ni jambo ambalo kila mchezaji anahitaji kulijua.

Mgeni anaumia wapi?

Tuchukue mfano wa watu watatu: kaka, mdogo wake, na mgeni. Kaka na mdogo wana mtaji mmoja. Mgeni hajui.

Tuanze na hali ambayo haimdhuru mtu. Kila mmoja anaweka 5,000, hakuna ruhusa ya kupandisha dau, karata zinafunuliwa, na mwenye karata bora anachukua 15,000. Bahati ikiwa sawa, mgeni atashinda mara moja katika kila michezo mitatu, na kwa wastani fedha yake itarudi. Mtaji wa pamoja wa ndugu hao haujambadilishia chochote.

Madhara huanza pale wachezaji wanapopewa nafasi ya kuamua: kulipa, kupandisha au kujitoa. Mgeni hufanya uamuzi wake akiamini kwamba kila aliye mezani anatetea mfuko wake mwenyewe. Kama imani hiyo si kweli, hesabu yake yote inaharibika. Kuna njia nne.

Njia ya kwanza ni kumbana mgeni katikati. Tuseme kila mmoja amekwisha kuweka 5,000. Kaka ana wafalme wawili, mdogo ana karata zisizo na maana, mgeni ana karata za wastani. Kama kila mmoja angekuwa na mfuko wake, kaka angepandisha kwa 5,000, mgeni angelipa ili aone, na mdogo angejitoa. Mgeni akishindwa, amepoteza 10,000 kwa jumla.

Sasa mdogo hajitoi. Anapandisha hadi 10,000, kaka anapandisha hadi 15,000, mdogo tena hadi 20,000. Mgeni aliye katikati analazimika kuongeza kila mara au kuacha fedha zake. Akifika mwisho na kushindwa, amepoteza 25,000 badala ya 10,000. Mdogo naye ameweka 25,000 kwa karata za kutupa, lakini fedha hizo zimehamia kwa kaka, yaani zimerudi nyumbani. Ni kweli kwamba mgeni anaweza kushinda mara mojamoja. Lakini ndugu hao hufanya hivyo pale tu wanapojua kwamba mmoja wao ana karata nzuri.

Njia ya pili ni kuoneana huruma. Wanapobaki wawili, kaka na mdogo hawapandishiani dau. Wanamalizana kimyakimya. Lakini mgeni akikutana na mmoja wao, anabanwa mpaka shilingi ya mwisho. Hivyo mgeni anacheza mchezo mkali, na wao wanacheza mchezo mwepesi, kwenye meza ileile.

Njia ya tatu ni kupeana habari, kwa jicho, kwa kikohozi au kwa ujumbe wa simu. Tuseme kaka ana kopa mbili mkononi, na katika karata tatu zilizofunuliwa mezani kopa ni mbili. Anahitaji kopa moja zaidi. Kwa anavyojua yeye, karata 47 bado hazijaonekana, na 9 kati yake ni kopa. Uwezekano wa kuipata kwenye karata inayofuata ni karibu asilimia 19. Lakini mdogo akimwashiria kwamba anazo kopa mbili, zinabaki 7 katika karata 45, yaani chini kidogo ya asilimia 16. Kaka anajua ajitoe mapema, na anaokoa fedha ambayo mchezaji mwaminifu angeipoteza.

Njia ya nne hutokea kwenye mashindano, ambako anayeishiwa chipu anatolewa. Mmoja anashindwa kwa makusudi ili chipu zake zote zimfikie mwenzake, ambaye sasa ana nguvu ya watu wawili dhidi ya wengine wote.

Michezo ya jozi iko wazi

Mtu anaweza kuuliza: mbona karata nyingi huchezwa kwa kushirikiana? Ni kweli. Hata hapa kwetu watu wanne huweza kucheza karata kwa pande mbili, anayekaa mkabala nawe akiwa mwenzako. Mchezo wa bridge, unaochezwa duniani kote, nao ni wa jozi.

Tofauti ni kwamba huko kila mtu anajua nani yuko na nani kabla karata hazijagawiwa. Na hata kwenye bridge, ingawa wenza wanajulikana, hawaruhusiwi kuwa na ishara za siri. Maana ya kila tamko lao katika mnada wa mchezo lazima iwe wazi kwa wapinzani wakiuliza. Kwa hiyo ushirika wenyewe haukatazwi. Kinachokatazwa ni kuuficha kwa mtu anayeweka fedha au nguvu zake akiamini haupo.

Beijing, Aprili 2024

Mfano ulio karibu na Afrika Mashariki haukutokea kwenye karata, bali kwenye riadha. Tarehe 14 Aprili 2024, katika nusu marathoni ya Beijing nchini China, Wakenya Willy Mnangat na Robert Keter pamoja na Muethiopia Dejene Hailu walikuwa mbele pamoja na Mchina He Jie. Karibu na utepe wa kumalizia, Waafrika hao walionekana kupunguza mwendo, mmoja wao akimwashiria He Jie atangulie. He Jie alishinda kwa sekunde moja.

Video ilienea na uchunguzi ukafanyika. Ilibainika kwamba wakimbiaji hao walikuwa wameletwa kama waongoza mwendo, yaani watu wa kumsaidia mwingine akimbie kwa kasi fulani. Hiyo ni kazi halali kwenye mbio ndefu. Tatizo ni kwamba hawakutambulishwa hivyo. Walikimbia na kuandikwa kwenye matokeo kama washindani wa kawaida. Matokeo ya wote wanne yalifutwa, na waandaaji wakataka medali na fedha za zawadi zirudishwe.

Swali lilikuwa lilelile la meza ya poka. Kumsaidia mwenzako si dhambi. Lakini mkimbiaji aliyekuwa nyuma yao na mtazamaji aliyekuwa pembeni waliamini kwamba wanaona watu wanne wakishindana, na haikuwa hivyo.

Je, wakiahidi kucheza kwa uaminifu?

Wapo wanaojitetea kwamba wanachangia mtaji tu kwa sababu mmoja peke yake hana fedha za kutosha, na kwamba mezani kila mmoja anacheza kwa nguvu zake zote. Utetezi huu una uzito, na hauwezi kutupwa tu.

Katika mashindano makubwa, wachezaji wa kulipwa hufadhiliwa na watu wengine, au hubadilishana asilimia za ushindi ili kupunguza hatari. Jambo hilo ni la kawaida. Na kwa kuwa viti hupangwa kwa kura, mtu anaweza kujikuta meza moja na yule aliyebadilishana naye asilimia. Kanuni haziwafukuzi kwa sababu hiyo pekee. Zinachotaka ni kila mmoja acheze mkono wake bila msaada na bila kumhurumia mwenzake. Mashindano ya World Series of Poker, yaliyoanza mwaka 1970 huko Las Vegas, Marekani, yanakataza wachezaji kula njama, kuoneana huruma na kupeana chipu kwa makusudi.

Lakini mtu mwenye asilimia kumi ya ushindi wa mwenzake bado ana asilimia tisini ya sababu za kumshinda. Watu wanaogawana kila kitu nusu kwa nusu hawana sababu yoyote ya kushindana wao kwa wao. Hata wakikusudia mema, mkono utasita. Utapandishaje dau dhidi ya fedha yako mwenyewe? Na mgeni hana njia ya kuipima nia yao. Anaweza tu kuambiwa ukweli kisha akaamua kukaa au kuondoka.

Kwa hiyo jibu la wachezaji waungwana ni hili: mkigawana mtaji wote, kaeni meza tofauti. Kama meza ni moja tu, mmoja acheze na mwingine asubiri, au watu wote waambiwe mapema.

Kwenye simu, ni vigumu zaidi kuwaona

Siku hizi karata huchezwa pia kwa simu. Huko huwezi kumwona aliyekaa nawe. Watu wawili wanaweza kuwa chumba kimoja wakionyeshana skrini. Hata mtu mmoja anaweza kukalia viti viwili kwa kutumia akaunti mbili.

Mwaka 2006 kampuni ya PartyPoker ilimfungia mchezaji Mmarekani Justin Bonomo baada ya kubainika kwamba alikuwa akiingia kwenye mashindano kwa akaunti zaidi ya moja. Hiyo ndiyo hatua ya mwisho ya mfuko mmoja: fedha ya mtu mmoja na akili ya mtu mmoja, lakini wengine mezani wanahesabu wachezaji kadhaa.

Pata potea: meza nzima ni ya mfuko mmoja

Mtu wa kwetu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukutana na ujanja huu stendi, mnadani au kwenye gulio. Mchezeshaji ana karata tatu. Anakuonyesha moja, anazizungusha zikiwa zimefunikwa, kisha anauliza iko wapi. Pembeni wapo watu wanne au watano wanaocheza. Mmoja anashinda 20,000, mwingine anapoteza kwa uzembe unaoonekana wazi, na wa tatu anakunong'oneza, "Kaka, karata ni ile ya kushoto, weka fedha."

Hao wote ni watu wa mchezeshaji. Fedha inayoshindwa na kupotezwa inazunguka ndani ya mfuko mmoja, kama ile ya kaka na mdogo wake. Mchezaji wa kweli ni mmoja tu, naye ni wewe. Ukiweka fedha, mchezeshaji hubadilisha karata kwa wepesi wa vidole. Ukilalamika, wale "wachezaji wenzako" ndio watakaosema waliona kwa macho yao kwamba ulikosea.

Angalia kwamba hata bila wepesi wa vidole, ushahidi uliokufanya uamini kwamba mchezo unashindika ulikuwa wa uongo. Uliona watu wakishinda, lakini hapakuwa na aliyeshinda.

Mnadani: wanunuzi wawili, mfuko mmoja

Mambo haya yana uzito zaidi kwenye kahawa na mifugo. Mkulima anapopeleka kahawa yake kwenye chama cha ushirika na ikauzwa kwa mnada, au anapopeleka ng'ombe mnadani, bei nzuri hupatikana kwa sababu moja: wanunuzi wanashindana. Wanunuzi watatu wakiwa na mifuko mitatu, kila mmoja anaogopa kuzidiwa. Wakiwa na mfuko mmoja wa siri, ushindani umekufa ingawa watu bado ni watatu. Mmoja anataja bei, wenzake wananyamaza au wanataja bei ya chini zaidi, kisha mzigo unagawanywa baadaye. Huko ndiko kuoneana huruma kwa mezani, na anayelipa ni mkulima.

Udanganyifu unaweza pia kuwa upande wa muuzaji, anapoweka mtu wake katikati ya wanunuzi apandishe bei bila nia ya kununua. Hapo anayebanwa katikati ni mnunuzi wa kweli.

Kwa upande wa wanunuzi, sheria haiko kimya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei au kupanga zabuni kwa pamoja, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Wakulima wenye mashaka wanaweza kuanzia kwa viongozi wa chama chao cha msingi na ofisa ushirika wa wilaya.

Sheria ya michezo inasemaje?

Nchini Tanzania, michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, iliyotungwa mwaka 2003, chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Anayeendesha mchezo wa aina hiyo kibiashara lazima awe na leseni. Mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki. Kujipatia fedha ya mtu kwa udanganyifu ni kosa pia chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iwe ni kwa karata au kwa njia nyingine.

Meza ya pata potea haina leseni, na aliyeliwa fedha mara nyingi huona aibu kwenda polisi. Wachezeshaji wanaitegemea sana aibu hiyo.

Na mfuko wenyewe ni wa nani?

Kuna mtu mwingine ambaye hayupo mezani. Mtaji wa pamoja ukitoka kwenye fedha ya kikundi cha kuweka na kukopa, au kwenye mauzo ya maharage ambayo mke na mume walilima pamoja, basi wenye mfuko ni wengi kuliko waliokaa kwenye viti. Mwanachama aliyeweka hisa yake ili akope ada ya shule hakukubali iwekwe dau. Hata mchezo ungekuwa safi kabisa, fedha hiyo haikuwa ya kuchezewa bila ridhaa yake.

Kwa ufupi

Kabla ya kuweka fedha kwenye karata, mnada au biashara yoyote ya ushindani, msikilizaji anaweza kujiuliza maswali haya:

- Hawa ninaoshindana nao ni watu wangapi, na ni mifuko mingapi?
- Yule anayenishauri niweke fedha, anapata nini nikiweka?
- Wale niliowaona wakishinda, nawafahamu? Fedha yao niliiona ikiondoka mezani na kwenda kwao?
- Kama mimi ndiye mwenye mshirika, ningekuwa tayari kulisema hilo kwa sauti mbele ya wote?

Swali la mwisho linajibu lile tulilouliza mwanzo. Kuchanga mtaji na ndugu au rafiki ni jambo jema, na kwetu watu wengi huishi kwa kuchangiana. Lakini kama ushirika wenu unaleta faida pale tu mtu wa tatu asipojua, basi faida hiyo mmeitoa mfukoni mwake bila ridhaa yake. Mwambieni, au kaeni meza tofauti.